Kondoo wa Ugiriki ya kale walilia "vi vi"? Jibu kwa msomaji kuhusu maneno yanayoiga sauti

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nilisoma kwamba kuna mwandishi wa Ugiriki ya kale aliandika kondoo analia be be, ila Mgiriki wa leo akiyasoma maandishi yale yale anatamka vi vi. Sasa kilichobadilika ni kondoo au ni watu? Mi nilidhani neno linaloiga sauti halibadiliki kabisa, maana mnyama si ni yule yule? Na haya ya kwetu, kuku, pikipiki, nayo yatabadilika?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali ambalo mimi nimelibeba kichwani miaka mingi na kila nikilifungua upya nakuta kitu, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Tuanze na huyo kondoo. Mwandishi ni Cratinus, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha pale Athens, karne ya 5 KK, mtu wa zama za akina Aristophanes, mtunzi mwenzake wa vichekesho. Tamthilia zake zimepotea karibu zote, ila vipande vipande vimebaki kwa sababu watu wa kamusi na sarufi wa baadaye walikuwa wananukuu mistari yake, na mmoja wa hiyo mistari unasema kuna mjinga anatembea akisema be be kama kondoo. Basi. Mstari mmoja tu wa utani, mtu kamcheka mwenzake jukwaani, leo ni ushahidi ambao kila anayesomea matamshi ya Kigiriki lazima akutane nao.

Hebu uangalie kwa karibu. Hilo be limeandikwa kwa herufi mbili, beta na eta. Mgiriki wa leo beta anaitamka v na eta anaitamka i, kwa hiyo kweli akifuata macho yake anasoma vi vi. Lakini wewe umewahi kumsikia kondoo wapi duniani analia vi vi? Wa Dodoma halii hivyo, wa Lamu halii hivyo, na wa Athens wa mwaka 430 KK naye hakulia hivyo. Kondoo hana shule wala hana lafudhi ya kijiji cha jirani. Kwa hiyo kama herufi ni zile zile na mnyama ni yule yule, kilichohama ni mdomo wa binadamu: zamani beta ilikuwa b kamili ya midomo kugusana, na eta ilikuwa e ndefu ya kuvuta, kama unavyoita "bee". Miaka zaidi ya 2,400 imepita, maandishi yamesimama pale pale na matamshi yametembea. Ndo manake Mgiriki wa leo akitaka kuandika mlio wa kondoo hawezi tena kutumia beta, inabidi aunganishe herufi zake za m na p ndo apate b, halafu anaweka e nyingine kabisa badala ya eta. Kondoo ni yule yule, tahajia mpya.

Na usidhani hili ni jambo dogo la watu wa vitabu. Mwaka 1528 Erasmus, msomi Mholanzi, alitoa kitabu cha mazungumzo kati ya simba na dubu, wanajadiliana Kilatini na Kigiriki vitamkwe vipi, na hoja yake ilikuwa kwamba Kigiriki cha kale hakikutamkwa kama Wagiriki wa wakati wake walivyokuwa wanatamka. Moto ukawaka. Pale Cambridge mwaka 1542 mkuu wa chuo, askofu Stephen Gardiner, alitoa amri ya kupiga marufuku matamshi mapya na adhabu akaziweka, watu wazima na wanafunzi wote. Watu waligombana kwa hasira kuhusu eta! Mimi nikisoma habari hizo nawaelewa, maana matamshi ya lugha unayoipenda ni kitu kinachouma.

Kuna shahidi wa pili, mbwa. Kwenye tamthilia ya Aristophanes ya mwaka 422 KK kuna mbwa amepelekwa mahakamani, anabweka "au au". Mgiriki wa leo herufi hizo mbili, alfa na ipsiloni, anazitamka av, kwa hiyo mbwa wa jukwaani angebweka av av, na ukimuuliza Mgiriki huyo mbwa wa Athens wa leo analiaje atakwambia gav gav na ataandika kwa herufi nyingine. Kondoo na mbwa wametoa ushahidi mmoja bila kukutana.

Ila hapa nikuwekee breki kidogo. Shahidi huyu anafaa kwa mambo ya jumla tu, usimbane kwa vitu vidogo vidogo, kwa sababu hakuna sikio linalosikia bila lugha. Chukua jogoo. Sisi tunasema anawika kokoriko, Mfaransa naye karibu hivyo hivyo, Mjerumani anasema kikeriki, Mjapani kokekokko, halafu Mwingereza anatoka na cock-a-doodle-doo ambayo ukimwambia mtoto wa uswahilini atashangaa. Jogoo mmoja, masikio matano. Kila lugha inamvalisha mnyama nguo inazoshona yenyewe, na ya kwetu inataka silabi iishie na irabu. Ndege mwenye kishungi ambaye Mwarabu anamwita hudhud, yule wa Nabii Suleimani kwenye Sura An-Naml, alipoingia Kiswahili akawa hudihudi, tukambandika i mbili ili mdomo upate pa kutua. Ndege huyo huyo Mgiriki alimwita epops, Mrumi akamwita upupa, na mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alipompa jina la kisayansi akachukua yote mawili, Upupa epops, yaani kwa kweli ni mlio mmoja umeandikwa mara mbili. Kwa hiyo kondoo wa Cratinus anachotuambia ni kwamba pale palikuwa na b au kitu cha jirani yake, na irabu ilikuwa upande wa e, haikuwa i. Hapo anaishia, na panatosha.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako ndo yenye utamu, ile ya "neno linaloiga halibadiliki". Watu wengi wanaamini hivyo, hata wasomi waliwahi kusema maneno haya yako nje ya sheria za mabadiliko ya sauti. Mi nasema neno la kuiga lina maisha mawili, na ukiyachanganya hutaelewa kitu.

Maisha ya kwanza ni pale linapokuwa bado sauti. Alianguka pu. Kimya jii. Maji yakamwagika mwaa. Hizi ndo tanakali sauti zenyewe, zinasimama pembeni ya sentensi, hazibebi kiambishi, huwezi kusema "nimepu" wala "mapu". Maisha ya pili ni pale sauti inapoandikishwa kazi, inakuwa nomino au kitenzi kama wenzake. Kwikwi ni mfano mzuri, ni mlio wa koo kabisa, ila leo unasema "kwikwi imenibana", "kwikwi yake haiishi", limeshakuwa jina na ngeli linafuata. Au kusonya: ule mlio wenyewe wa kuvuta hewa kwenye meno hauandikiki, jaribu uone, lakini kitenzi chake kinaenda vizuri tu, nimesonywa, wanasonyana, msonyo wake ule. Likishaingia kwenye maisha ya pili neno halilindwi tena na mlio wake. Linapanda basi moja na maneno mengine yote na basi likikata kona nalo linakata.

Mfano ambao wanaisimu wanaupenda ni njiwa wa Kifaransa. Kilatini cha mwishoni kilikuwa na neno pipio, maana yake kifaranga, kutoka kwenye kitenzi cha kulia pi pi. Sikiliza neno lenyewe, pipio, ni kifaranga kabisa unamsikia. Sasa watu wakawa wanalisema haraka, ile i ya mwisho mbele ya o ikawa y, pipyo, halafu py ikageuka j, na leo Mfaransa anasema pigeon, g yake hapo ni ile j laini ya kwao. Usishangae, hata sisi tunafanya mchezo huo huo: ki ikikutana na irabu inakuwa ch, ki-akula ikawa chakula, ki-ombo ikawa chombo, hakuna aliyekaa kikao. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure aliutaja mfano huu wa njiwa kwenye mihadhara yake iliyochapishwa 1916 baada ya kifo chake, akionyesha kwamba neno la kuiga likishaingia kwenye lugha linaburutwa na mabadiliko kama jingine lolote na linapoteza sura yake ya mwanzo. Mfaransa anayesema pigeon leo hasikii pi pi yoyote pale ndani.

Mwingine ni kunguru mkubwa wa Ulaya. Mrumi alimwita corvus, Mgiriki korax, unasikia ile kr ya kukwaruza kwenye koo. Lugha za Kijerumani na jamaa zake zilipita kwenye mabadiliko ambayo k ya zamani iligeuka h, ndo maana pembe kwa Kilatini ni cornu na kwa Kiingereza ni horn. Kunguru hakuachwa. Kiingereza cha kale kikamwita hræfn, baadaye hata h yenyewe ikadondoka, leo ni raven. Koo lote limeondoka, na ndege bado yuko juu ya mti anakwaruza vile vile kama alivyokuwa anawakwaruzia Warumi.

Sasa watu wanafanyaje jina likishaacha kulia? Mara nyingi wanaiga upya. Hapa ndo huwa nasisimka. Kuna ndege wa Ulaya anayelia ku-ku, Mgiriki alimwita kokkyx, Mrumi cuculus. Waingereza wa kale walikuwa na jina lao gēac, nalo asili yake inaonekana ni mlio, ila lilikuwa limeshachakaa halisikiki tena. Karne ya 13 tayari kuna wimbo wa Kiingereza unamwita huyo ndege cuccu, jina limekuja upya likisaidiwa na Kifaransa, na lile la zamani likasukumwa pembeni, ila ndugu yake aliyeletwa na watu wa Skandinavia amebaki kaskazini kule Uskoti kama gowk. Ndege akadai jina lake. Kwa hiyo ukikuta neno la kuiga linafanana sana na mlio usikimbilie kusema ni la kale na halikubadilika. Inawezekana kabisa ni jipya, na la kale ni lile lisilofanana na chochote.

India wana kisa ambacho mi nakiona ni bora kuliko vyote, na kinatuhusu. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mtaalamu wa maneno ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, aliyeitwa Yaska alikuwa anaeleza asili ya maneno ya Kisanskriti, akafika kwenye kaka, yaani kunguru, akasema hili ni la kuiga sauti na mambo haya ni ya kawaida sana kwa majina ya ndege. Halafu kwa uaminifu kabisa akaandika kwamba mwenzake Aupamanyava anakataa, anasema hakuna kitu kama kuiga sauti, kunguru ameitwa kaka kwa sababu ni ndege wa kufukuzwa, akatafuta na kitenzi cha kufukuza cha kumfaa. Ndo mabishano yetu ya leo hayo, yapo tayari zama zile, na mmoja anataka kila neno liwe na mzizi wa heshima na mwingine ameinua kichwa akamsikiliza ndege. Mi niko na Yaska. Sasa angalia kilichofuata: kaka kwenye midomo ya watu kwa karne nyingi k ya katikati ililainika ikayeyuka, na Kihindi cha leo kinamwita kauwa, ila ukiuliza kauwa analiaje wanakwambia kaanv kaanv, k imerudi mara mbili kwa sababu hiyo ni sauti, ile nyingine ni jina. Hivyo hivyo na yule ndege wa nyimbo za mapenzi kokila, leo ni koyal, k ya katikati imekwenda. Na kunguru huyo ni yupi? Ni jamaa wa wale wanaotuibia chakula mabarazani Dar na Mombasa, kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akazaana akavuka bara. Kwa hiyo ukitaka kuhukumu kesi ya Yaska na Aupamanyava fungua dirisha tu.

Japani nao, kwa kifupi. P ya zamani kwao mwanzoni mwa maneno iligeuka h. Kung'aa ni hikaru, lakini kitu kikimetameta wanasema pika pika. Kifaranga ni hiyoko, lakini analia piyo piyo. Jina limefuata sheria na sauti imebaki na p yake. Ni familia moja, mmoja kaajiriwa mjini kabadilika, mwingine kabaki nyumbani anaongea kama babu. Misri ya mafarao ndo ukitaka umri mkubwa: paka aliandikwa m-i-w, irabu hawakuwa wanaandika, ila haihitaji mtaalamu kusikia miau. Lugha ile ile ilipofika hatua ya Kikopti, inaandikwa kwa herufi za Kigiriki, paka amekuwa emou, tamka emu. Nyau yake imeshafifia. Chura alikuwa na bahati zaidi, k-r-r akawa krour na bado anasikika bwawani.

Na Wasumeri, watu wa Iraki ya kusini walioacha maandishi ya mwanzo kabisa tuliyonayo, hao walikuwa na mtindo wao maalumu. Sauti waliirudia mara mbili lakini ya kwanza wanaweka u na ya pili a: dum-dam kwa kelele za kunguruma na kulalamika, dub-dab kwa vishindo, halafu wanamalizia na kitenzi za, kwamba mtu "alifanya dum-dam". Mi niliposoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Kisumeri hakina ndugu yeyote anayejulikana, kimekufa midomoni mwa watu karibu miaka 4,000, na ukifungua kibao cha udongo unakuta mtu anapiga kelele kwa utaratibu ambao bibi yangu angeuelewa, isipokuwa sisi tukirudia tunabakiza irabu ile ile, chapachapa, kochokocho, pikipiki.

Haya, kuku. Ulimtaja mwenyewe.

Kuku kwa asili si mwenyeji wa Afrika, mababu zake ni wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Watu wakiletewa mgeni asiye na jina wanamwita kwa anachosema, na hata leo ukimwita aje ale mahindi unamwambia ku-ku-ku-ku. Sasa zunguka na neno hilo. Mzulu anasema inkukhu, Mganda enkoko, Mnyarwanda inkoko, Mkikuyu ngũkũ, Mshona huku, Mngazija kule Komoro kuhu. Angalia kilichompata kila mmoja. Kuna n ilikuwa imekaa mbele ya k. Mzulu na Mnyarwanda wameiacha pale. Mkikuyu ameifanya k iwe g. Mshona ameyeyusha yote mawili ikabaki h. Na sisi Waswahili tumeiangusha n lakini imeacha kovu: msikilize mtu wa Mombasa anayesema Kimvita hasa, k ya kwanza ya kuku anaitoa na pumzi, khuku, na ya pili haina pumzi. Ile pumzi ndo kaburi la n. Vitabu vya shule haviiandiki kwa hiyo vijana wengi wa bara hawajui kama ipo, na inaniuma, maana ni historia nzima imekaa kwenye pumzi moja ya bibi anayefukuza kuku uani.

Halafu kuna hizi irabu, u na o. Kwa kawaida u ya namna hii ya kwetu haigeuki o ukifika maziwa makuu, mguu wetu Mganda anasema okugulu na Mnyarwanda ukuguru, u imebaki u. Ila kuku kwao ni koko. Sheria haielezi. Mi nasoma hivi: watu walimsikiliza ndege upya, tetea anayekaribia kutaga analia ko ko koo zaidi kuliko ku ku, na kila jamii ikachagua sikio lake. Hapo maisha mawili yanakutana ndani ya neno moja, konsonanti zimefuata basi na irabu zimeshuka njiani kwenda kumsikiliza kuku.

Na safari haijaisha. Kimalagasi cha Madagaska si Kibantu, ndugu zake wa karibu wako Borneo kule Indonesia, lakini majina mengi ya mifugo na ndege wa kufugwa waliyachukua kwetu watu wa pwani: ng'ombe kwao ni omby, mbwa ni amboa, kanga ni akanga. Na kuku ni akoho. Ile o yao inatamkwa u, yaani sema akuhu, unamsikia Mngazija pale pale. Yule aliyeanza kama mlio wa ndege anayeparua uani amevuka maji, ameongezewa a mbele, k moja imekuwa h, na Mmalagasi anayemchinja akoho leo sidhani kama anasikia kuku ndani yake.

Hata vitenzi. Kukohoa, Mganda anasema okukolola, Mnyarwanda gukorora, Mkikuyu gũkorora. Yale makoro-koro ndo kifua kinavyokwaruza kweli. Kwetu l ya mwisho imedondoka kama ilivyodondoka kwenye mguu ukilinganisha na okugulu, au kuzaa ukilinganisha na okuzaala, imebaki kohoa, laini, kikohozi cha mtu anayeogopa kuamsha watoto.

Kabla sijafika kwenye pikipiki nikuonye kitu kimoja kwa sababu wewe unafundisha na wanafunzi watakuuliza. Siyo kila neno linalosikika kama mlio ni la kuiga. Wafaransa wana glas, kengele ya msiba, na fouet, mjeledi, na Mfaransa ataapa kwamba anasikia kengele na anasikia fimbo, lakini la kwanza linatoka kwenye classicum ya Kilatini, mlio wa tarumbeta, na la pili linatoka kwenye fagus, jina la mti. Yamefika kwenye mlio kwa bahati, kwa kuchakaa. Kwetu mfano ni bodaboda. Limejirudia kama pikipiki, linadunda kama pikipiki, mtoto atakwambia ni sauti ya injini, kumbe ni neno la Kiingereza la mpaka, wale vijana wa baiskeli waliokuwa wanavusha watu kwenye mipaka ya Kenya na Uganda wakiita abiria. Kwa hiyo kabla hujasema hili ni la kuiga tafuta lilikuwaje zamani, sikio la leo halitoshi.

Waarabu walikuwa makini sana kwenye hili. Al-Khalil bin Ahmad, mtaalamu wa lugha wa karne ya 8, alitazama vitenzi viwili vya milio, sarra wa panzi na sarsara wa kipanga, akasema watu walisikia kwenye sauti ya panzi urefu na mvuto ndo wakasema sarra, na kwenye ya kipanga wakasikia kukatika katika ndo wakasema sarsara. Mwanasarufi Ibn Jinni akaja kuyaandika hayo miaka 200 hivi baadaye na kuongeza yake, kwamba kutafuna kitu kibichi chenye maji kama tikiti ni khadm, na kutafuna kikavu kama shayiri ni qadm, kh laini kwa laini, q ngumu kwa kigumu. Mwanafunzi wako aliyepita madrasa atalisikia hilo mdomoni mwake mara moja kabla hujamweleza.

Basi pikipiki. Neno hili tunaliona likikua mbele ya macho yetu. Lilianza kama injini za zamani zilivyokuwa zinapiga, piki piki piki, na sasa ni nomino kamili, watu wanasema mapikipiki, kapikipiki kake kale, na limeshavuka: Mganda anasema ppikipiki na p yake ya kwanza ameikaza, Mnyarwanda anasema ipikipiki, ameivisha kiambishi cha nyumbani kwake. Huko kila mahali litafuata sheria za huko, kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, litabadilika, na mwanzo wa kubadilika kwake ushaanza. Kuna jambo jingine. Siku hizi Nairobi na Kigali kuna zile za umeme, mimi nilikaribia kugongwa na moja kwa sababu sikuisikia inakuja, haina mlio wowote zaidi ya upepo na tairi. Watu wanaiita pikipiki ya umeme. Kuna watoto watazaliwa na kukulia kwenye mitaa ya pikipiki za namna hiyo tu, na watakuuliza wewe mwalimu wao kwa nini kitu kilicho kimya hivi kinaitwa hivyo.

Sasa na wewe nikupe kazi. Waulize wanafunzi wako kila mmoja kwao wanamwitaje kuku na wakitaka aje kula wanamwambiaje, viandikeni vyote viwili ubaoni safu mbili, jina huku na wito huku, makabila yote mliyonayo darasani. Halafu unitumie.